Nani Apite Wapi: Kisa cha Uwanja wa Gofu na Watembeaji Wake

Katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, kati ya Mafinga na Mbeya, kuna uwanja wa gofu wa mashimo tisa uliozungukwa na makazi pande tatu. Upande wa nne ni shamba la mikaratusi. Jina la mji na la klabu nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu waliohusika wanakutana sokoni na kanisani kila wiki, na baadhi yao ndiyo kwanza wameanza kusalimiana tena. Mimi nilikaa katika vikao vyao kama katibu, nikiandika mihtasari, kwa hiyo nilisikia pande zote bila kupigia kura upande wowote.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Wakazi walitembea uwanjani humo kwa miaka mingi bila kuulizwa na mtu. Siku moja mpira ukampiga mmoja wao, klabu ikapiga marufuku watu kupita, na marufuku hiyo ikaongeza hatari badala ya kuipunguza. Msimu mzima wa mivutano ulipita kabla ya pande mbili kukubaliana njia na saa. Wengi mjini bado wanasimulia kwamba tatizo lilikuwa ukaidi wa wananchi, wengine kwamba lilikuwa kiburi cha wenye pesa. Nadhani wote wanapotea. Ukitazama ni wapi hasa watu walikuwa wakikanyaga na ni wapi hasa mipira ilikuwa ikiangukia, tabia ya mtu inabaki kuwa sehemu ndogo sana ya habari.

Kwa nini watu walitembea pale

Anayeijua barabara kuu ya Tanzam hana haja ya maelezo marefu. Malori ya Tunduma hayalali, yanakwenda na kurudi Zambia na Kongo usiku na mchana. Pembeni ya lami kuna bodaboda, bajaji, mama wa mahindi ya kuchoma, magunia ya viazi yanayosubiri fuso, kisha mtaro. Njia ya miguu haipo. Barabara za mtaani nazo, kuanzia Novemba mvua zinapoanza hadi Aprili au Mei zinapokata, ni tope jekundu linalong'ang'ania kiatu, na kiangazi ni vumbi la kukohoa.

Sasa mchukue mtu wa miaka sitini na kitu, anayehudhuria kliniki ya sukari na presha, ameambiwa atembee. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Wito ulifika mpaka kwetu. Mahali pa kuuitikia hapakuja nao. Pale uwanjani nyasi ni fupi, gari hakuna, mteremko ni wa kiasi, na katikati ya wiki unaweza kumaliza mzunguko mzima bila kumwona mchezaji hata mmoja. Wanachama si wengi: wafanyabiashara wa mbao, maofisa wachache, mameneja wa mashamba, na wageni wanaopanda kutoka Dar es Salaam wakati wa mashindano.

Waliopita walikuwa wa aina tatu, na tofauti zao zilikuja kuwa na uzito baadaye. Walikuwepo wazee wa kliniki, wanaotembea wawili wawili alfajiri au jioni. Walikuwepo wapita njia halisi, wanafunzi na akina mama wanaokatiza kutoka mtaa wa chini kwenda sokoni. Na kilikuwepo kikundi cha jogingi cha vijana, Jumamosi asubuhi, fulana za rangi moja, filimbi na nyimbo. Klabu iliwaita wote "wavamizi", neno ambalo lilifanya kazi moja tu, kuwaunganisha watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na jambo la pamoja.

Mpira wenyewe

Mtu asiyecheza gofu huudharau mpira wake kwa sababu ni mdogo kuliko yai la kuku. Sheria za mchezo zinataka uzito wake usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Ni mgumu, na mchezaji wa kawaida tu, si bingwa, akiupata sawasawa kwa fimbo kubwa hutoka kwa kasi inayopita kilomita 200 kwa saa. Kwetu kuna nyongeza: hewa ya mwinuko wetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo mpira uleule unafika mbali zaidi. Mgeni aliyezoea viwanja vya Lugalo au Gymkhana ya Dar es Salaam akija huku anachagua fimbo kwa mazoea ya kwao, halafu anashangaa mpira ukivuka grini, yaani ile duara ya nyasi fupi yenye shimo na bendera, na kuingia vichakani nyuma yake.

Jambo la pili ni upande. Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia, na kosa la kawaida la asiye hodari ni mpira kuanza vizuri kisha kukunja kuelekea kulia. Kwa hiyo uwanja wowote una upande wake wa hatari, na upande huo haubadiliki kila siku. Shimo la nne la uwanja wetu, yaani sehemu nzima kutoka mahali pa kuanzia mpaka kwenye bendera, limepangwa sambamba na uzio wa mashariki, uzio ukiwa kulia kwa mchezaji, na ndani ya uzio huo kuna safu ya mikaratusi. Ukitaka kupanga kwa makusudi mahali pa mpira uliokosewa kuangukia, usingepata pazuri kuliko hapo.

Aliyepigwa alikuwa mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu, mmoja wa wale wa kliniki. Ilikuwa Julai, jioni, baridi ile ya kuvuta kitenge mpaka masikioni, na ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani. Mchezaji alipiga, akaona mpira unakunja, akapaza sauti. Bibi alisikia sauti na akafanya kile ambacho kila mtu hufanya akiitwa, aliinua uso kutazama. Mpira ukampiga kwenye mtulinga. Sentimita chache juu zaidi na leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Mchezaji, kwa haki yake, alifanya yanayompasa. Alimpeleka hospitali kwa gari lake, akalipia matibabu, na wiki hiyohiyo alikwenda nyumbani kwa bibi pamoja na mkewe na kaka yake mkubwa, wakiwa na mchele na sukari, kutoa pole. Kati ya familia hizo mbili jambo lilikwisha hapo. Kilichofuata kililetwa na klabu.

Ubao na seng'enge

Kamati ya klabu ilikutana kwa haraka, na ikatoka na uamuzi wa kupiga marufuku mtu yeyote asiye mwanachama kuingia. Ubao mkubwa wa maandishi mekundu ukasimamishwa langoni, uzio ukaongezwa seng'enge, mlinzi wa pili akaajiriwa. Ubao wa onyo ni kitu rahisi kununua, na una faida ya kumfanya aliyeununua aone amechukua hatua.

Kwa siku chache uwanja ulikuwa mtupu. Kisha watu wakarudi, ila kwa namna nyingine, na hapa ndipo kiini cha kisa chote kilipo.

Kabla ya marufuku, wazee wengi walipita katikati ya fewei, yaani ule ukanda wa nyasi zilizokatwa kati ya mahali pa kuanzia na shimo. Walipita asubuhi sana, kabla wachezaji hawajafika. Wachezaji wa kwetu hawaanzi mapema, kwani umande wa nyanda za juu ni mzito, unalowesha viatu na kuukaba mpira kwenye nyasi, kwa hiyo kabla ya saa tatu asubuhi ni nadra kumwona mtu na fimbo. Kwa maneno mengine, watembeaji wa asubuhi na wachezaji walikuwa wakipishana bila kupangwa na mtu.

Mlinzi alipowekwa, asubuhi ikawa saa mbaya kwa mtembeaji, kwa sababu kuna mwanga na fewei yote inaonekana kutoka jengo la klabu. Watu wakahamia jioni, saa kumi na mbili, walinzi wanapobadilishana zamu. Na wakahama kutoka katikati kwenda pembeni, ndani ya safu ya mikaratusi, ambako mlinzi haoni. Uzio ulikuwa na upenyo mmoja tu ambao kila ukizibwa ulifunguliwa tena, upenyo ulio jirani na bomba la maji la mtaa, katikati ya shimo la nne. Yaani marufuku iliwatoa watu mahali salama kwa saa salama, ikawapeleka mahali ambapo mipira inaangukia, kwa saa ambayo wanachama wametoka kazini na wanacheza, huku giza na ukungu vikiingia. Na kwa kuwa walikuwa wamejificha, mchezaji hakuweza kuwaona ili asubiri.

Wiki za marufuku zilileta mipira mingi ya kukoswakoswa kuliko miaka yote iliyotangulia, kwa ushuhuda wa makedi, vijana wanaowabebea wachezaji fimbo na kuwatafutia mipira, ambao ndio hukaa uwanjani muda mrefu kuliko mtu yeyote. Klabu ilisoma hali hiyo kama uthibitisho kwamba wananchi hawasikii, na ikapanga kuongeza mlinzi wa tatu.

Hoja mbili zilizopoteza muda

Kikao cha kwanza katika ofisi ya serikali ya mtaa kilivunjika, na naona ni vema nieleze kwa nini, maana hoja zilizokivunja nazisikia kila mahali penye mgogoro wa aina hii.

Upande wa wakazi alisimama kijana mmoja wa jogingi akasema ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini tu, kwa hiyo klabu haina uwezo wa kumzuia Mtanzania kupita. Nusu yake ya kwanza ni kweli. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema hivyo. Nusu ya pili haitokani na ya kwanza. Mwenye hati ana haki ya kukalia na kutumia eneo kwa masharti ya hati yake, na hiyo ni pamoja na kuamua nani aingie. Kwa mantiki ya yule kijana, mtu yeyote angeweza kwenda kupika chai sebuleni kwa kijana huyo. Kuna na hoja dada yake, kwamba tumepita hapa tangu enzi za baba zetu kwa hiyo pamekuwa petu. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba aliyekaribishwa hageuki kuwa mwenyeji kwa kukaa muda mrefu. Kupita kwa kuvumiliwa ni kupita kwa kuvumiliwa, hata ukipita miaka thelathini.

Upande wa klabu hoja yao ilikuwa ya kisheria pia, na kwa maoni yangu ilikuwa dhaifu zaidi ingawa ilisemwa kwa suti. Walisema wakiruhusu watu rasmi watabeba lawama mtu akiumia, ila wakiwa wamekataza, aliyeumia amejitakia. Mtu akiisikiliza haraka hoja hiyo anaona ina maana. Lakini sheria yetu ya madai ilirithi misingi yake Uingereza, na huko kuna hukumu ya mwaka 1922 ambayo mtu yeyote anayeendesha uwanja wa gofu anapaswa kuijua. Dereva wa teksi alikuwa akipita barabarani kando ya uwanja huko Kent, mpira kutoka mahali pa kuanzia shimo la 13 ukavunja kioo, akapoteza jicho. Mahakama iliona kwamba mchezaji anawajibika kumlipa, na klabu pia, kwa sababu ilijulikana kwamba mipira ya shimo hilo hutua barabarani mara kwa mara, na hata hivyo shimo liliachwa vilevile. Kwa mahakama zetu hukumu hiyo ni ya kushawishi tu, na dereva yule alikuwa kwenye barabara ya umma, si ndani ya uzio. Lakini fikra yake ndiyo inayosumbua: kama unajua mpira wako unaangukia wapi, na unajua watu wapo hapo, kuandika ubao hakukufanyi usiwe unajua.

Mjumbe mmoja wa klabu akaongeza kwamba hakuna uwanja wa gofu duniani unaoruhusu watu kutembea ovyo. Hili lilijibiwa na mwanachama mwenzake, daktari, ambaye mpaka hapo alikuwa amenyamaza. Akasema uwanja unaohesabiwa kuwa nyumba ya mchezo wenyewe, Old Course ya St Andrews huko Scotland, kwa kawaida Jumapili haufunguliwi kwa gofu. Unakuwa bustani ya mji. Watu wanatembeza watoto na mbwa, wanapiga picha kwenye daraja la Swilcan, na siku za wiki kuna barabara ya umma inayokatiza fewei ya shimo la kwanza na la mwisho. Waraka wa mwaka 1552 wa askofu mkuu wa huko, aliyepewa ruhusa ya kufuga sungura katika eneo hilo, ulitambua haki ya wananchi kucheza gofu na kandanda humohumo. Sungura ndio waliochekesha kikao. Lakini baada ya hapo hakuna aliyerudia kusema kwamba jambo haliwezekani.

Kedi, umande na ramani mbili

Kikao cha pili kilibadilishwa na watu wawili ambao hawakuwa kwenye orodha ya wasemaji.

Wa kwanza ni bibi mwenyewe. Aliingia mkono ukiwa bado kwenye tanji. Mwenyekiti wa klabu akainuka, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Kaa." Akamwacha akae kwanza, kisha akasema: "Sikuja kudai bega. Bega mwenzenu alishanitibu. Nimekuja kuuliza, nikitoka nyumbani jioni, nipite wapi?" Mwenyekiti alianza kueleza kuhusu ubao. Bibi akamkatiza kwa upole wa mwalimu: "Ubao nimeusoma. Umeniambia nisipopita. Nipopita je?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na katika muhtasari nimeandika hivyohivyo.

Wa pili ni kedi mmoja, kijana wa mtaa huohuo, aliyekuja kumsindikiza mama yake. Aliulizwa kwa kawaida tu kama mipira huwa inaanguka sana upande wa mikaratusi. Akajibu kwamba anaweza kuonyesha kila mahali inapoangukia, shimo kwa shimo, kwa kuwa kazi yake ni kuitafuta, na ile isiyopatikana huirudia Jumatatu na kuiuza. Fikiria hilo. Klabu ilikuwa imeunda kamati ya usalama ya wanachama, nayo ilikuwa haijamuuliza mtu ambaye riziki yake inategemea kujua mpira umelala wapi.

Kesho yake, kabla jua halijakausha nyasi, tulikwenda uwanjani watu sita: kedi, daktari, mtunza nyasi, mwenyekiti wa mtaa, mjukuu wa bibi na mimi. Mtunza nyasi ndiye aliyesema twende mapema. Umande unapokuwa mzima nyasi ni za kijivu, na kila aliyepita ameacha mstari wa kijani iliyokolea, unaoonekana kutoka mbali kama umechorwa. Mistari ilikuwa mitatu. Mmoja ulizunguka nyuma ya jengo la klabu, hauna shida. Wa pili ulipanda upande wa kushoto wa shimo la sita kuelekea kanisani. Mipira michache sana hufika hapo. Wa tatu ulitoka kwenye upenyo wa bombani, ukafuata mikaratusi ya shimo la nne, ukakata kona. Kedi alikuwa na vijiti alivyochonga usiku, akawa anachomeka kila anapookota mipira mara kwa mara. Alipomaliza, vijiti vingi vilikuwa juu ya mstari wa tatu. Vingine vilitawanyika nyuma ya grini ya saba, ambako hakuna anayepita.

Daktari akauliza swali ambalo kwangu lina thamani kuliko vikao vyote: kwa nini watu wanaingilia hapa na si pale chini, nyuma ya mahali pa kuanzia shimo la nne, ambako mchezaji atakuwa amewapa mgongo? Mjukuu akamtazama kama anayeulizwa kwa nini maji ni mepesi. "Pale chini kuna mtaro. Bibi atarukaje?"

Basi. Upenyo wa bombani ulikuwa mahali pekee ambapo mtaro umejaa udongo na mtu mzima anaweza kuvuka bila kuruka. Njia nzima ya hatari, pamoja na yule aliyevunjika mfupa, ilitokana na hilo.

Walichokubaliana

Lango dogo lilifunguliwa nyuma ya mahali pa kuanzia shimo la nne, na mwanachama mmoja mwenye kiwanda cha mbao akatoa mbao nene za mkaratusi zikalazwa juu ya mtaro, na kamba ya kushikia pembeni. Upenyo wa bombani ukazibwa mara moja na haujafunguliwa tena. Ile seng'enge mpya haikuwa na kazi. Watu walifuata daraja.

Kutoka langoni njia inapita nyuma ya wachezaji, kisha inashika upande wa kushoto wa shimo la sita. Tuliiweka ielekee kinyume na mwelekeo wa mchezo, ili mtembeaji awe anamtazama anayepiga. Jambo hili lilileta ubishi, kwa sababu wazee wengi waliona ni vyema kufuata mchezo kwa nyuma, hadi kedi alipowasimamisha pale na kuwauliza wangependa mpira uwakute usoni wakiwa wanaangalia au kisogoni wakiwa hawana habari. Vigingi vyeupe vinaonyesha mpaka.

Saa zikagawanywa kufuata kilichokuwa kikifanyika chenyewe hapo zamani. Kuanzia alfajiri mpaka saa mbili na nusu, mtu atembee anapotaka, isipokuwa kwenye grini, mashimo ya mchanga na mahali pa kuanzia. Baada ya hapo, njia ya vigingi tu. Jumatatu, siku ya kukata nyasi, hakuna gofu na uwanja ni wa watembeaji kutwa, ila mtunza nyasi akiwa amenyunyizia dawa anafunga kitambaa chekundu langoni na watu wanarudi.

Kuhusu grini, ilibidi kueleza, maana wakazi walidhani ni maringo. Zamani baadhi ya viwanja vya bara havikuwa na grini za majani kabisa. Vilikuwa na mchanga uliolainishwa kwa mafuta, na ukiukanyaga mtu anapitisha reki tu. Grini ya majani hukatwa fupi mno, milimita chache, na nyayo za kisigino kwenye udongo uliolowa hubaki siku kadhaa zikiupotosha mpira. Mtunza nyasi alipomwonyesha bibi alama ya kiatu chake mwenyewe, hakuhitaji ubao.

Mchezaji akikosea anapaza sauti "Mpira!", na anayesikia anainama, anafunika kichwa kwa mikono, hatazami juu. Watoto wa shule walifundishwa hilo na kedi kwa mchezo, sasa wanalifanya hata barabarani. Na ukungu ukificha bendera ya shimo, hakuna kupiga mpaka ufunguke. Kanuni hii ya mwisho iliwauma wanachama kuliko zote, kwani Juni na Julai jioni nyingi ni za ukungu. Nadhani ndiyo iliyo muhimu kuliko zote.

Kipengele kilicholalamikiwa zaidi na wakazi ni cha kwamba hii ni ruhusa ya mwaka mmoja inayoongezwa, si haki ya njia. Vijana waliona wamedhalilishwa. Mimi nakitetea. Klabu iliweza kufungua lango kwa sababu haikuogopa kwamba kulifungua ni kugawa ardhi. Siku utakapowalazimisha wachague kati ya kukunyima kila kitu na kukupa kila kitu, watakunyima, na seng'enge wanayo bado stoo.

Yasiyokaa sawa

Kikundi cha jogingi hakikuridhika. Watu arobaini wenye filimbi hawatoshi kwenye njia ya vigingi, na Jumamosi asubuhi ndiyo siku pekee wachezaji wanapojitahidi kuwahi. Wamepewa saa kumi na mbili hadi moja na nusu, nao wanasema katika baridi ya Julai hakuna anayeamka saa hiyo isipokuwa anayekwenda kuwahi basi la Dar. Wanakimbia barabarani, kati ya malori. Hilo naliona ni deni la makubaliano haya, na sijasikia pendekezo la kulilipa.

Siku za mashindano kanuni ya ukungu huvunjwa. Wageni wamesafiri mbali, wamelipa kiingilio, na hakuna anayetaka kuwaambia wakae ndani wanywe chai. Mara mbili makedi wamesimama wenyewe katikati ya njia ya vigingi kuzuia watu, kazi ambayo hawalipwi.

Bima nayo bado. Daktari alipendekeza klabu ikate bima ya kumlipa mtu wa nje akiumia, kamati ikakubali kwa mdomo, mhasibu akasema bajeti ya mwaka imekwisha. Hilo lilisemwa mwaka jana pia.

Barua ya ruhusa inaisha Desemba. Klabu imeshaleta rasimu mpya yenye kifungu cha kukataza mbwa, na kwa kuwa mbwa wanaoingia uwanjani wengi ni wa wanachama, kikao kitakuwa kirefu. Watembeaji wanaomba mbao mbili za daraja zibadilishwe kabla ya mvua za Novemba, kwa sababu zimeanza kuoza upande wa chini. Bibi ameandikisha jina lake kuwa msemaji wa kwanza.